Jasusi Akiona Jinai, Amwambie Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi sheria ya Marekani ya mwaka 1947, iliyoliunda shirika la ujasusi la CIA, ilivyolinyima shirika hilo mamlaka ya kipolisi. CIA haikamati mtu wala haishtaki. Bunge lilihofia kuzaa polisi wa siri. Hata hivyo, jasusi asiye na pingu hukutana na wahalifu katika kazi yake, na baadhi yao ndio anaowalipa. Akishajua jinai imetendeka, ni lini analazimika kumwarifu mwenye pingu?

Kwa takribani miaka 20, jibu lilikuwa: akiona inafaa. Mwaka 1954 mkuu wa masuala ya sheria wa CIA, Lawrence Houston, alielewana na Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali, William Rogers, kwamba shirika lenyewe lipime iwapo kesi dhidi ya mtu wake itafichua siri. Likiona itafichua, shauri linaishia mezani pake. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria ya kuwataka wakuu wa idara za serikali kuripoti makosa ya watumishi wao, lakini maelewano yale yaliendelea kufuatwa kimyakimya hadi mwaka 1975, uchunguzi wa hujuma za CIA ulipoyaanika. Mtuhumiwa alikuwa amekabidhiwa mizani ya kupimia kesi yake mwenyewe.

Desemba 1981 Rais Ronald Reagan alitia saini amri namba 12333. Iliwataka wakuu wa ujasusi kumwarifu Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuhusu jinai za watumishi wao, pamoja na makosa kadhaa ya watu wengine. Makosa yapi? Hilo liliachiwa hati ya makubaliano, na hapo ndipo pa kusoma kwa makini. Hati ya mwaka 1982, kati ya Mwanasheria Mkuu William French Smith na mkurugenzi wa CIA William Casey, iliorodhesha makosa ya kuripotiwa kwa wasio watumishi. Dawa za kulevya hazikuwamo. Na miongoni mwa waliohesabiwa kuwa si watumishi walikuwamo mawakala, watoa habari, hata wafanyakazi wasio wa kudumu.

Hiyo ndiyo miaka ambayo CIA iliwasaidia waasi wa Contra dhidi ya serikali ya Nicaragua. Mkaguzi mkuu wa shirika hilo, Frederick Hitz, aliripoti mwaka 1998 kwamba CIA ilipata tuhuma za biashara ya kokeini dhidi ya watu kadhaa waliohusiana na waasi hao, na haikuharakisha kuachana nao wote. Hakukuta ushahidi kwamba shirika lenyewe lilipanga kuingiza kokeini Marekani, na ni haki hilo lisemwe. Linaloniuma ni kwamba kimya kile hakikuvunja kanuni yoyote: kiliandikiwa ruhusa. Agosti 1995 tu ndipo hati mpya, chini ya Mwanasheria Mkuu Janet Reno, ilipoyaingiza makosa ya dawa za kulevya.

Watetezi wa kimya husema kuripoti ni kuanika siri za dola. Hoja hiyo ilikwisha kupungua nguvu. Tangu mwaka 1980 Marekani ina sheria inayomwezesha jaji kuzipitia siri faraghani na kuruhusu muhtasari utumike mahakamani badala ya waraka wenyewe. Tena, kuripoti si kushtaki. Mwendesha mashtaka anaweza kupima akaacha, ila uamuzi unakuwa wake.

Wala ripoti isitegemee utashi wa mkubwa. Desemba 1996 iligundulika kwamba John Deutch, aliyekuwa ametoka tu kwenye ukurugenzi wa CIA, alitunza siri nzito katika kompyuta za nyumbani kwake. Wizara ya Sheria iliarifiwa Machi 1998. Januari 2001 Rais Bill Clinton akamsamehe. Ndiyo maana nashikilia kwamba wajibu huu umbane kila anayelipwa na shirika, awe wa kudumu au wa msimu, na mkaguzi asiyewajibika kwa mkurugenzi awe na njia yake ya kumfikia mwendesha mashtaka.

Juma lijalo tutatazama habari za jinai ambayo bado haijatendeka: namba ya simu ya Yemen iliyopatikana katika upelelezi wa bomu la Nairobi la Agosti 1998, mkutano wa Kuala Lumpur wa Januari 2000, na yale ambayo CIA ilichelewa kuwaambia wapelelezi wa FBI.