Gari Linapochelewa Kuwaka: Utambuzi wa Hitilafu za Injini ya Rota katika Mazingira ya Singida

Ikisiri

Kauli "gari linachelewa kuwaka" hutumiwa kwa hitilafu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni stata kuizungusha injini polepole. Ya pili ni injini kuzunguka kwa kasi ifaayo lakini ikachelewa kushika. Katika gari la michezo lililotumika lenye injini ya rota, mkanganyiko huo unaweza kumfanya mmiliki abadilishe injini nzima ilhali kosa liko kwenye waya wa betri. Makala hii inaeleza namna ya kuzitenganisha hitilafu hizo kwa kutumia mfano wa Mazda RX-8. Aidha, inaonesha kwa nini vipimo vya mgandamizo vya mtengenezaji haviwezi kusomwa Singida kama vinavyosomwa pwani.

1.0 Utangulizi

Magari mengi ya mitumba yanayotumika Tanzania hutoka Japani. Hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na yale yanayokwenda Singida hupita Morogoro, Dodoma na Manyoni hadi kuufikia uwanda wa juu wa kati. Karibu yote yana injini za pistoni, na ujuzi wa gereji umejengeka juu ya injini hizo. Fundi anajua sauti ya vali iliyolegea, anajua moshi wa ringi zilizokwisha, na anajua kupima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine.

Mazda RX-8 haina pistoni, haina vali wala ringi za pistoni. Gari hili lilitengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2012, hivyo hata lililo jipya kuliko yote limeshavuka miaka kumi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, lakini Tanzania huyaruhusu na kuyatoza ushuru zaidi kwa sababu ya umri. Kwa hiyo mnunuzi wa Tanzania anaweza kulipata gari la aina hii likiwa limeshatumika miaka mingi mikononi mwa watu asiowajua.

Dalili ya kwanza inayomtia mmiliki wasiwasi huwa ni kuchelewa kuwaka. Uamuzi unaofuata ni mzito, kwa kuwa gharama ya kubadilisha injini ya rota inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Swali la msingi, basi, ni hili: fundi aanze kuchunguza wapi, na ni ushahidi gani unaotosha kuihukumu injini kuwa imekwisha?

2.0 Namna Injini ya Rota Inavyofanya Kazi

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na ya majaribio ilizunguka kwa mara ya kwanza mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mazda iliiendeleza kuliko kampuni nyingine yoyote, kuanzia Cosmo Sport ya mwaka 1967, kisha RX-7, na hatimaye RX-8. Mwaka 1991 gari la Mazda 787B lenye injini ya aina hiyo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans.

Badala ya pistoni inayopanda na kushuka, kuna rota yenye pande tatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo linalokaribia yai. Kila upande wa rota hufanya kazi ambayo silinda moja ingefanya: huvuta hewa na petroli, hugandamiza, hupokea mlipuko na kutoa moshi. RX-8 ina rota mbili, kwa hiyo ina pande sita za kugandamiza. Wakati rota inapokamilisha mzunguko mmoja, mhimili wa injini huwa umezunguka mara tatu. Kwa sababu hiyo, kila mzunguko mmoja wa mhimili huleta mgandamizo mmoja katika kila rota.

Kinachozuia hewa isivuje kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni sili. Zipo sili za ncha, zilizowekwa kwenye pembe tatu za rota, na sili za ubavuni. Sili za ncha hulainishwa kwa oili kidogo inayoingizwa ndani ya chumba na kuungua pamoja na petroli. Ndiyo maana injini ya rota hula oili hata ikiwa nzima, na mmiliki asiyekagua kiwango cha oili mara kwa mara huziua sili bila kujua. Chujio la hewa lililochoka, katika mkoa wenye ukame na vumbi kama Singida, huongeza ulaji wa sili hizo.

3.0 Kauli Moja, Hitilafu Mbili

Lugha ya gereji ina maneno ya kutosha kuzitofautisha hitilafu hizi, ila mara nyingi hayatumiki kwa uangalifu. "Kuzunguka" ni kazi ya stata. "Kushika" ni kazi ya injini yenyewe inapoanza kuunguza petroli. "Kuwaka" hujumuisha yote mawili. Mteja anaposema gari halitaki kuwaka, bado hajasema kama stata inazungusha kwa uzito au kama injini inazunguka vizuri bila kushika.

Katika injini ya pistoni, mkanganyiko huu hauleti madhara makubwa kwa sababu dalili hujitenga zenyewe mapema. Katika injini ya rota hali ni tofauti, kwa kuwa hitilafu moja huigiza nyingine. Stata ikizungusha polepole, hewa iliyogandamizwa hupata muda mrefu zaidi wa kuvuja kupitia kwenye sili, na mgandamizo hushuka hata kama sili ni nzima. Kwa upande mwingine, injini yenye sili zilizochoka huweza kuwaka bila shida ikifungiwa stata yenye kasi zaidi, kwa kuwa kasi hiyo huficha uvujaji.

Matokeo yake ni hatari za aina mbili. Injini nzima inaweza kuhukumiwa kwa kosa la betri, na injini iliyokwisha inaweza kuuzwa kwa kuwa imefungiwa stata mpya. Dalili inayosifika sana, yaani gari kuwaka vizuri likiwa baridi na kukataa likiwa moto, haitoshi peke yake kuamua. Ni kweli kwamba sili zilizochoka hujidhihirisha zaidi injini ikiwa moto. Hata hivyo, stata iliyochoka nayo hupoteza nguvu ikipata joto.

4.0 Hatua za Uchunguzi

4.1 Umeme

Uchunguzi unaanzia kwenye betri. Betri nzima iliyojaa chaji, ikiwa imepumzika, husoma takribani volti 12.6. Ikisoma volti 12.2, imebakiwa na karibu nusu ya chaji, na kipimo chochote cha injini kitakachofuata hakitaaminika. Wakati stata inazungusha, volti za betri zisishuke chini ya takribani 9.6. Asubuhi za kipupwe, hasa mwezi wa Juni na Julai, Singida hupata baridi inayoipunguza betri nguvu, hivyo kipimo cha mchana pekee hakitoshi.

Hatua inayofuata ni nyaya. Mita huwekwa ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye nguzo ya stata, kisha stata hupigwa. Upotevu ukizidi nusu volti, waya au kichwa cha betri kina kutu au kimelegea. Kipimo hicho hurudiwa upande wa asi, kati ya nguzo hasi ya betri na bodi ya injini, ambako upotevu unapaswa kuwa mdogo zaidi. Kusafisha vichwa vya betri na kuongeza waya mpya wa asi ni kazi ya muda mfupi na gharama ndogo. Ndiyo sababu inapaswa kutangulia.

4.2 Kasi ya Kuzunguka

Betri na nyaya zikiwa salama, kinachopimwa ni kasi ya stata. Mtengenezaji ameweka vipimo vya mgandamizo vya RX-8 kwa kasi ya mizunguko 250 kwa dakika. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari inaweza kuonesha kasi hiyo. Isipokuwapo, ipo njia rahisi. Kwa kuwa kila mzunguko wa mhimili huleta mgandamizo mmoja katika kila rota, mizunguko 250 kwa dakika ni sawa na migandamizo zaidi kidogo ya minne kwa sekunde. Fundi akirekodi kwa simu mshale wa kipimo kilichofungwa kwenye rota moja, kisha akahesabu mirusho ya mshale kwa sekunde tano, anapaswa kupata takribani 21. Akipata 15, stata inazungusha kwa kasi ya 180 tu, na hapaswi kusema lolote kuhusu sili kabla ya kuishughulikia.

4.3 Mgandamizo

Kipimo cha kawaida cha injini ya pistoni kina vali ndogo inayozuia hewa isirudi, hivyo mshale hubaki kwenye kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa. Kikitumika hivyo kwenye rota, huonesha upande ulio bora kati ya pande tatu na kuficha miwili mingine. Kwa hiyo vali hiyo hutolewa, na fundi husoma mirusho ya mshale mmoja mmoja. Ipo pia mashine maalumu ya rota inayosoma pande tatu pamoja na kasi kwa wakati mmoja, na usahihi wake ni mkubwa zaidi.

Injini hupashwa joto kwanza. Kisha petroli na cheche hukatwa, plagi moja ya rota inayopimwa hutolewa, kanyagio la mafuta hukanyagwa hadi mwisho, na stata hupigwa kwa sekunde tano hadi kumi. Kwa RX-8, kiwango cha injini nzima ni kilopaskali 830, na kiwango cha chini kinachokubalika ni 680. Tofauti kati ya pande za rota moja isizidi 150, na tofauti kati ya rota mbili isizidi 100.

Mpangilio wa mirusho nao una maana. Sili moja ya ncha hutenganisha pande mbili jirani, hivyo ikivunjika pande hizo mbili hudhoofika pamoja. Upande mmoja tu ukiwa dhaifu, sili ya ubavuni hushukiwa zaidi.

4.4 Cheche na Petroli

Iwapo kasi na mgandamizo vyote ni vizuri, hitilafu ni ya kushika. RX-8 ina plagi nne na koili nne, na koili zilizochoka ni chanzo cha kawaida cha kuchelewa kushika. Injini ya rota pia hulowa petroli kwa urahisi, hasa gari linapowashwa likiwa baridi, likasogezwa mita chache na kuzimwa. Katika hali hiyo, kanyagio hukanyagwa hadi mwisho wakati wa kupiga stata ili kompyuta ikate petroli na chumba kikauke.

5.0 Mwinuko wa Singida na Usomaji wa Vipimo

Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa pwani ni karibu kilopaskali 101, lakini kwa mwinuko huo hushuka hadi karibu 85. Injini hugandamiza hewa inayoikuta. Ikikuta hewa pungufu kwa takribani asilimia 17, kipimo nacho hupungua kwa uwiano huohuo.

Kwa hesabu hiyo, injini nzima inayosoma 830 Dar es Salaam itasoma takribani 690 Singida, na kiwango cha chini cha 680 kitakuwa takribani 565. Chukulia gari linalosoma 600 katika pande zote kwa kasi ya 250. Fundi anayetumia takwimu za kitabu bila kuzirekebisha ataihukumu injini hiyo kuwa imekwisha. Ukweli ni kwamba ingesoma takribani 720 pwani, yaani juu ya kiwango cha chini.

Hata hivyo, mwinuko haupaswi kugeuzwa kisingizio. Hewa pungufu hushusha pande zote kwa uwiano mmoja, kwa hiyo upande mmoja uliodhoofika peke yake hauelezwi na mwinuko. Zaidi ya hayo, marekebisho ya hesabu hueleza hali ya sili tu. Hayaongezi hewa ndani ya injini. Gari lililokuwa likiwaka kwa shida kidogo lilipojaribiwa Dar es Salaam linaweza kuanza kukataa kabisa likifika Singida. Si lazima liwe limeharibika njiani. Udhaifu ulikuwapo tangu pwani, na hewa nzito ya huko iliusitiri.

6.0 Kufasiri Matokeo

Matokeo yanaweza kuwekwa katika makundi manne. Kwanza, kasi ikiwa ndogo na mgandamizo mdogo kwa usawa katika pande zote, hukumu huahirishwa hadi umeme na stata vitengenezwe na kipimo kirudiwe. Pili, kasi ikiwa nzuri na mgandamizo uliorekebishwa kwa mwinuko ukawa chini ya kiwango, sili zimechoka, na stata yenye kasi zaidi itanunua muda tu. Tatu, upande mmoja au miwili ikiwa dhaifu sana, sili imeharibika, na kuendelea kuliendesha gari huweza kuharibu chumba cha rota. Nne, kasi na mgandamizo vikiwa vizuri, uchunguzi huhamia kwenye cheche na petroli.

Kwa mnunuzi, makundi haya yana funzo moja la ziada. Gari la rota linalowaka upesi si lazima liwe na injini nzima. Inafaa lipimwe likiwa moto, na karatasi ya matokeo ioneshe namba za pande sita, kasi ya stata na mwinuko wa mahali lilipopimiwa. Namba ya mgandamizo isiyoandamana na mambo hayo mawili ya mwisho haina maana kamili.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kuchelewa kuwaka kwa injini ya rota ni dalili inayohitaji kugawanywa kabla ya kutafutiwa dawa. Mpangilio wa uchunguzi unaoanza na betri, ukafuata nyaya, kasi, mgandamizo, na kumalizia na cheche, humlinda mmiliki dhidi ya gharama isiyo ya lazima, na humlinda fundi dhidi ya lawama. Kwa mafundi wa Singida na nyanda nyingine za juu, hatua ya kurekebisha kipimo kwa mwinuko ni sehemu ya kipimo chenyewe. Vilevile, kuyatumia maneno "kuzunguka" na "kushika" kila moja kwa maana yake, kuanzia kwenye mazungumzo ya kwanza na mteja, ni hatua ya uchunguzi isiyohitaji kifaa chochote.