Mkopo wa chuo: Mfumo hauijui shida ya nyumbani kwako, unasoma nyaraka

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, furaha ya nyumba nyingi hudumu siku mbili tatu. Baada ya hapo linabaki swali moja: ada itatoka wapi?

Chukua mfano wa vijana wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza analelewa na mama anayeuza maandazi. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, akazikwa kijijini, na hakuna aliyefuatilia cheti cha kifo. Wa pili ni yatima aliyesomeshwa na mfadhili katika sekondari ya kulipia.

Majirani wote wanajua kuwa vijana hawa ni wahitaji. Kwenye maombi ya mkopo, hali inaweza kusomeka tofauti. Wa kwanza ataonekana ana baba. Wa pili, asipoambatanisha uthibitisho wa mfadhili, ataonekana ametoka katika familia yenye uwezo wa kulipa ada.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Kazi yake ni kuwakopesha Watanzania wahitaji. Kwa kuwa fedha hazitoshi wote, waombaji hupangwa kwa kiwango cha uhitaji. Wapo wanaopata sehemu tu ya gharama, na wapo wanaokosa kabisa.

Kanuni moja, mizigo tofauti

Masharti ni yale yale kwa kila mwombaji, lakini uzito wake haulingani. Mzazi mwenye gari na simu nzuri hukamilisha vyeti kwa siku chache. Mama wa maandazi hufunga biashara, akatafuta nauli ya kwenda wilayani, na pengine akaambiwa arudi kesho.

Wakati huohuo, mzazi mwenye uwezo anayeficha kipato chake huchukua fungu la mtoto wa mwenzake. Ndiyo maana haki ya mkopo haiko mikononi mwa bodi peke yake.

Kwa mwanafunzi, madhara huanzia tumboni. Mkopo hugusa pia chakula na malazi, si ada tu. Anayekosa fedha hiyo hupunguza milo, na akili yenye njaa haishiki somo.

Mzazi afanye nini?

Usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Mtoto akiwa bado kidato cha tano, kagua mambo haya:

• Cheti cha kuzaliwa. Hakikisha jina linafanana na la vyeti vya shule, kisha kihakikiwe RITA.

• Cheti cha kifo, kama mzazi mmoja au wote wamefariki. Nacho kihakikiwe.

• Ulemavu wa mwombaji au mzazi. Fomu yake huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

• Uthibitisho wa mfadhili, au wa kaya kuwa kwenye mpango wa TASAF.

Akikosa awamu ya kwanza, msikate tamaa. Majina hutoka kwa awamu, na baadaye hufunguliwa dirisha la rufaa. Rufaa isiyo na nyaraka mpya, hata hivyo, ni malalamiko tu.

Leo jioni, toa ule mfuko wa karatasi chini ya godoro, ukague na mwanao. Kinachokosekana, anzeni kukifuatilia wiki hii.