Mdudu wa saiprasi huvuka mpaka na mche

MWEZI uliopita lori kutoka Eldoret lilishusha mzigo hapa Hai Jalaba, Juba. Juu ya mbao za paini ilikuwapo miche 30 ya saiprasi. Mwenye mali, mama mfanyabiashara jirani yangu, alikuwa akiipeleka kwa nduguye aliyerejea kujenga katika milima ya Imatong.

“Mwalimu, wewe ulisoma Kenya, unajua ua wa mti huu unavyopendeza,” aliniambia.

Naujua. Shule niliyosomea ukimbizini ilizungukwa nao. Lakini naukumbuka pia ulipokauka miaka ya 1990: matawi yaligeuka rangi ya kahawia kana kwamba yamepitiwa na moto, nasi wanafunzi tukapewa mapanga tuyakate.

Mharibifu alikuwa kidukari wa saiprasi, mdudu wa milimita 2 hadi 4. Barani Afrika alionekana kwanza Malawi mwaka 1986. Kufikia 1990 alikuwa ameingia Kenya, na Uganda nayo haikupona. Jike huzaa bila dume. Hufyonza utomvu, na mate yake yana sumu inayoua tawi. Msitu mzima haupuliziki dawa, hivyo wataalamu walimtafuta adui yake Ulaya: nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari. Aliachiliwa Malawi mwaka 1994, na madhara yakapungua.

Sasa Imatong, karibu na Gilo, kuna mashamba ya zamani ya saiprasi na paini, ambayo vita viliyaacha bila mtunzaji. Akifika huko mdudu huyu, nani atakayemfuata na nyigu?

Mbao kavu hazina neno, kwani kidukari huishi kwenye tawi bichi. Hatari ni mche. Kenya, cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS. Nilipomwuliza mama kama anacho, alicheka. Nimule, alisema, huulizwa ushuru tu.

Tukaigeuza miche mmoja mmoja. Mitatu ilinata chini ya matawi, sisimizi wakipanda na kushuka, na vijidudu vya kahawia vimejipanga kwenye gome.

“Hii mingine je, mwanangu?”

Nikamwambia ilisafiri pamoja. Alinyamaza kitambo, akahesabu hasara yake kwa vidole, kisha akaagiza mafuta ya taa. Kesho yake lori liliondoka kwenda Torit na mbao peke yake.