Baba akilala kwenye lori, muulize fyuzi iko wapi

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hulala kebini usiku baada ya usiku, na foleni ya mpakani Tunduma ikirefuka, siku nazo huongezeka. Joto likizidi, wapo wanaoacha injini ikiunguruma ili feni na friji ndogo viendelee kufanya kazi.

Usingizi huo una gharama. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi huo pia una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikipenya kebini kwa wingi kutoka kwenye bomba lililotoboka, aliyelala anaweza asiamke. Kwa hiyo betri ya ziada ya lithiamu, inayochajiwa lori likitembea na kutumika injini ikiwa imezimwa, ni jambo jema kwa afya ya baba.

Shida huanzia kwenye ufungaji. Betri ya kawaida ya asidi hupunguza kasi ya kupokea umeme kadiri inavyojaa. Lithiamu huendelea kuvuta mwingi karibu mpaka mwisho. Alteneta iliyotengenezwa kwa ajili ya taa na kurudishia umeme uliowasha injini hujikuta ikifanya kazi kwa nguvu zote. Lori likisimama foleni huku likiunguruma, feni ya kupoza alteneta huzunguka polepole, joto hupanda na inaweza kuungua. Waya mwembamba nao huyeyuka, na pengine umepitishwa chini ya godoro.

Tena malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Wapo wanaofunga betri ya lithiamu ya volti 12 kwenye moja tu kati ya hizo mbili. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi (fundi zaidi, maana ameshalipwa), lakini betri hizo hazichajiwi tena sawasawa: moja huzidiwa, nyingine hudhoofika.

Kinachohitajika ni chaja maalumu kati ya alteneta na betri. Hupokea volti 24, hutoa kiwango kinachofaa lithiamu na kuweka kikomo cha umeme unaovutwa. Chaja ya ampea 30 huijaza betri ya ampea-saa 100 kwa saa tatu na nusu hivi. Fyuzi ziwekwe karibu na betri, pande zote mbili za waya.

Lithiamu ya fosfati ya chuma hustahimili joto kuliko aina nyingine, ila iliyovimba au kupasuka isibaki kebini. Ikianza kutoa moshi, watu watoke kwanza. Moshi wake ni sumu.

Likizo ikifika, wapo watoto wanaosafiri na baba zao. Kabla ya kumpandisha mtoto, mama anaweza kuuliza chaja na fyuzi ziko wapi. Baba asipojua, lori lipitie kwanza kwa fundi umeme wa magari.