Laptopu Nzito? Usitoe Mtaji Kabla Hujaangalia RAM

Mteja ameuliza bei WhatsApp. Wewe upo kwenye laptopu, umefungua WhatsApp Web, Instagram, picha za mzigo ziko Canva, mauzo yako Excel. Unabofya, kiduara kinazunguka tu. Ukija kumjibu, keshanunua kwa mwingine. Hasira zinakutuma uchomoe mtaji ununue mashine mpya. Subiri kwanza.

RAM ni kaunta yako, diski ni stoo. Kila unachofungua kinatandazwa kaunta. Ikijaa, kompyuta inaanza kurudisha vitu stoo na kuvifuata tena kila unapovihitaji. Hapo ndipo inapoganda.

Angalia tofauti: RAM moja ya DDR4 yenye kasi ya 3200 inaweza kupitisha hadi GB 25 hivi kwa sekunde. SSD ya SATA ni kama MB 500. Diski ya zamani ya kuzunguka ni MB 100 hivi, na inashuka zaidi vitu vikiwa vimetawanyika.

Sasa tuongeze ukubwa au kasi? Ukubwa kwanza. Kasi ni wepesi wa mikono yako juu ya kaunta, na kama kaunta imejaa, mikono myepesi haisaidii. Ukitoka GB 4 kwenda 8, utaona mabadiliko. Ukitoka kasi ya 2666 kwenda 3200 kwa kazi za kuposti na kuchati, huenda usione kitu. Na kama una GB 16 unatumia 6 tu, kuongeza nyingine ni kutupa hela.

Pima mwenyewe. Kwenye Windows, fungua vyote unavyotumia siku ya wateja wengi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance.

• Memory iko asilimia 90 na kuendelea? Kaunta ni ndogo. Funga kurasa usizotumia. Ikibaki hivyo, ongeza RAM.
• Memory ina nafasi, ila Disk inagonga 100 muda wote? Kama bado una diski ya kuzunguka, weka SSD.
• CPU ndiyo iko juu? RAM haitakuokoa.

Kabla hujamlipa fundi:

1. Jua aina. RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na ya laptopu ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani.
2. Uliza kama inaongezeka. Laptopu nyingine RAM imechomelewa kwenye ubao na hakuna pa kuchomeka nyingine.
3. Usilipie kasi bure. Ukichanganya ya 2666 na ya 3200, zote zinatembea kwa kasi ya 2666.
4. Kama nafasi ziko mbili, RAM mbili za GB 4 kwa kawaida zinafanya kazi vizuri kuliko moja ya GB 8, maana data inapita njia mbili kwa pamoja.
5. Iwashe hapo hapo dukani. Memory ionyeshe jumla mpya, ndipo utoe hela.

Mtaji ni wa mzigo, ndugu yangu. Fungua yako sasa hivi: Memory inasoma ngapi? Tuandikie hapo chini.