Mzee Akihamia Mjini, Asinyang'anywe Jembe

Katika mitaa ya mjini kama ya Nsemulwa, hapa Manispaa ya Mpanda, watoto wengi hufanya jambo hili kwa upendo. Mama akifikisha miaka 70 wanamtoa kijijini, wanampa chumba kizuri, wanamwekea kiti barazani na kumwambia, "Sasa pumzika, Mama, umefanya kazi ya kutosha." Maji anachotewa, mboga zinanunuliwa gengeni, na Jumapili bodaboda inamsubiri mlangoni. Mwaka ukiisha, yule aliyekuwa akipalilia mahindi tangu alfajiri anashika ukuta ili afike chooni. Tunasema uzee umemfikia. Mara nyingi kilichomdhoofisha zaidi ni kile kiti.

Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na isipotumika hupungua upesi zaidi. Hasara huonekana mapema mapajani, maana hayo ndiyo yanayotuinua. Mifupa nayo huimarika ikibebeshwa uzito. Mzee aliyekaa miezi mingi akijikwaa kwenye kizingiti hawezi kujizuia asianguke, na wazee wengi wanaovunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani.

Ukitaka kujua hali ya miguu ya mzazi wako, mtazame kanisani anapoinuka baada ya kupiga magoti. Akiinuka bila kushika benchi, miguu bado ina nguvu. Akijivuta kwa mikono miwili, ni wakati wa kuanza mazoezi, wala si wakati wa kumzuia asiende Misa. Aanze na kiti kile kile cha barazani, kikiwa kimeegemezwa ukutani: asimame na kuketi mara 5 polepole, asubuhi na jioni, akijitahidi kutotumia mikono, kisha aongeze hadi 10. Halafu ashike ukuta, anyanyue mguu mmoja na kuhesabu hadi 10, abadilishe. Mwanzoni mtu awe karibu naye.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2 na ya kujisawazisha angalau siku 3. Hesabu hiyo isiwatishe. Rozari ya matendo matano huchukua kama dakika 20. Anayeisali kila siku akitembea amekwisha kupata dakika 140, na njia ya kwenda kanisani inamalizia zilizobaki. Tena rozari hupima mwendo: kama Salamu Maria inatoka vizuri lakini wimbo ungemkatisha pumzi, mwendo unafaa. Sala yenyewe ikikatika katikati, apunguze.

Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 14, Kalebu anaomba apewe nchi ya milima akiwa na miaka 85. Sisi hatumwombei mzee wetu milima, tunamwombea tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba. Kupalilia, kumwagilia na kuchuma humfanya ainame, anyooke na kubeba. Mpini wa jembe uwe mrefu ili mgongo usiteseke. Badala ya ndoo ya lita 20 kichwani, abebe vidumu viwili vya lita 3, kimoja kila mkono. Mvua zikianza, njia zetu za udongo huteleza, kwa hiyo fimbo na viatu vyenye soli ya kushika ni bora kuliko kandambili. Miezi ya joto kali, Septemba na Oktoba, atoke kabla jua halijapanda, na anywe maji hata kama hana kiu, kwa sababu uzeeni kiu huchelewa kujitokeza.

Anayetumia dawa za shinikizo la damu asiinuke kitandani ghafla: aketi kwanza, kizunguzungu kipite. Mwenye kisukari akaguliwe miguu kila jioni, kwani anaweza kuumia asisikie. Kifua kikibana, au pumzi ikikatika katika mwendo aliouzoea, asimame na apelekwe kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize mganga kabla ya kuanza.

Waseminari wanaotembelea wazee wakati wa likizo huketi nao, husali nao na kuaga. Tunawashauri waanze ziara kwa kumwomba mzee awaonyeshe shamba au mti aliopanda, wamfuate taratibu. Mazungumzo hunoga zaidi njiani. Jumuiya nazo, siku ya sala, ziwapangie watu wawili wampitie mzee wao nusu saa mapema, bila bodaboda, wafuate mwendo wake hadi nyumba inayopokea jumuiya siku hiyo.