MATUNDA HUJA POLEPOLE, DENI HALINGOJI

Mkulima, wewe uliyepata shamba katika skimu na kupanda miche ya matunda, pengine wajiuliza: Miti hii itanilipa lini? Swali hilo waliliuliza pia wakulima wa bonde la Okanagan, magharibi ya Kanada, zaidi ya miaka mia iliyopita. Sikiliza habari zao.

Bonde hilo ni nchi ya watu wa Syilx tangu kale. Mwaka 1859 padre Charles Pandosy alianzisha misheni huko, na matufaha yakapandwa. Mwaka 1891 Lord Aberdeen alinunua shamba kubwa la ng'ombe, Coldstream, akapanda matunda. Baadaye makampuni yalikata malisho vipande vipande na kuwauzia wageni kwa matangazo matamu.

Je, wageni hao walikuta nini? Nchi kavu, yenye mvua chache. Maji yaliletwa kutoka milimani kwa mifereji ya mbao, nayo ilivuja na kuoza. Tena mtufaha wa siku zile ulikaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa matunda ya kutosha kuuza. Wakati huo wote deni la shamba na ada ya maji vilitaka kulipwa.

Waliodumu walipanda vitunguu, viazi na nyanya katikati ya mistari ya miti. Wengine walifanya kazi za kibarua. Mvumilivu hula mbivu, lakini anapongoja lazima ale kitu!

Miti ilipozaa, shida ikawa bei. Mwaka 1933 bei ilianguka mno, na wakulima wa Kelowna wakakataa kupeleka matufaha sokoni. Walisema: walipwe senti moja kwa kila ratili, ama matunda yabaki chini. Baadaye waliuza pamoja kwa miaka mingi. Lakini ushirika nao huishi kwa mazao ya wanachama: mwaka 2024 ushirika wao mkubwa, BC Tree Fruits, ulitangaza kufunga kazi, matunda yakiwa yamepungua.

Basi mkulima, fanya hivi. Mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu; kwa hiyo panda maharagwe kati ya mistari, usiyasogeze karibu na shina. Usipande mahindi pale, maana yataufunika mche kwa kivuli. Hakikisha maji kabla ya kuongeza miche. Na kabla ya kukopa, hesabu miaka ya kungoja, wala si matunda unayoyatumaini.